Naomba ushauri: yayin na tirosh tuzitofautishe vipi kwenye mwongozo wa mafundisho?

Habari wana jukwaa. Mwongozo wa kujifunza Agano la Kale umekwama kwenye divai, yaani maneno mawili ya Kiebrania yanayotafsiriwa hivyo: yayin na tirosh.

Yayin halina utata mkubwa: ndiyo iliyomlevya Nuhu (Mwanzo 9:21), na Hesabu 6:3 inamkataza Mnadhiri (mtu aliyejitenga kwa nadhiri kwa ajili ya Mungu) kuinywa, pamoja na shekari, yaani kileo. Kazi iko kwenye tirosh. Kumbukumbu 7:13 inaliweka kati ya nafaka na mafuta, kama zao la shamba. Isaya 65:8 inalitaja likiwa bado ndani ya kichala, na Mika 6:15 iko wazi zaidi: tirosh inakanyagwa, yayin ndiyo inayonywewa. Hapo mtu angeandika "maji ya zabibu" akamaliza. Lakini Hosea 4:11 inasema tirosh nayo, pamoja na yayin, huondoa fahamu! Kwa hiyo kudai kwamba haina kilevi kamwe ni kulibebesha neno kisichokuwamo.

Nafikiria "divai mpya" kila mahali, na tanbihi kwenye Isaya na Hosea tu. Mnaosoma Kiebrania, inatosha? Au Kumbukumbu 7:13 ibaki "divai" tupu, kwa kuwa wasomaji wameizoea hivyo?