Tupeane uzoefu: timu yako kila msimu kilio, wewe huko ndani umeona nini?

Mleta mada

Wakuu salama? Hii naileta kwa wale mliochezea, mliofanyia kazi au mnaoshabikia timu ambazo kila mwaka ni kipigo. Siongelei timu iliyoteleza msimu mmoja, hiyo inamkuta yeyote. Naongelea ile inayobadilisha kocha, inabadilisha wachezaji, inabadilisha jezi, kuna nyingine hadi jina inabadilisha, halafu ukifungua msimamo unaikuta kulekule chini inapigania kutoshuka.

Majibu ya kijiweni tunayajua, wachezaji wabovu, marefa, hela hakuna. Ila hela peke yake hainishawishi. Singida United ilipanda 2017 na wadhamini wake na kocha Hans van der Pluijm aliyekuwa ameshabeba ubingwa na Yanga, msimu wa 2019/20 ikashuka. Biashara United ya Musoma ndo inaniuma zaidi, 2021 walikuwa Kombe la Shirikisho Afrika, wakashinda nyumbani mechi ya kwanza dhidi ya Al Ahli Tripoli, safari ya Libya kwenda kurudiana ikakwama, wakatolewa bila kugusa mpira, na msimu huohuo wakashuka daraja. Miezi michache nyuma walikuwa wa nne Tanzania nzima! Na hapa Dar ndo usiseme, Cosmopolitan bingwa 1967, Pan African bingwa 1982, mtajie dogo wa siku hizi uone kama atakuelewa. African Lyon iliyoanza ikiitwa Mbagala Market, Villa Squad, Ashanti, zote zimepita ligi kuu na zikapotea.

Mtazamo wangu, mnaruhusiwa kunipinga: timu inayofungwa miaka nenda rudi, ndani yake yupo mwenye maamuzi ambaye ikifungwa yeye hapungukiwi kitu. Kocha anapoteza kazi, mchezaji anapoteza jina, shabiki anapoteza usingizi, yeye yupo tu.

Tetesi za redioni sitaki, leta ulichokiona. Na timu zenu msizitaje majina tusije tukaitwa mahali.

Kipa Mstaafu

Nimekaa golini ligi kuu misimu kadhaa, timu ya hapahapa mjini. Watu wa jukwaani wakiona tunakula goli dakika ya 80 wanasema hawa pumzi hawana, ni kweli hatukuwa nazo, ila uliza kwa nini. Mshahara unaruka mwezi huu, unaruka na unaofuata, kiongozi anakuja mazoezini anasema vijana vumilieni, hela ya televisheni ikiingia tunamalizana. Inaingia, inakuta madeni yake yameshapanga foleni, wewe unapewa laki ya kujikimu. Sasa una mwenye nyumba, una mtoto, utafanyaje? Unaenda ndondo, mechi za mitaani. Jumatano upo Manzese, Alhamisi upo Tandika, unalipwa mkononi mpira ukiisha, halafu Jumamosi ndo unakutana na washambuliaji wa Simba ambao wiki nzima walikuwa hotelini wanakandwa miguu. Kuna beki wetu enka ilimwacha hukohuko ndondo, klabuni tukasema kateleza bafuni. Mwalimu alijua, akanyamaza, na yeye alikuwa anadai.

Msimu ukiisha nusu ya timu inaondoka na madai yake, wanaletwa wengine, mwalimu mpya anaanza kukariri majina. Ukifungwa hapo si ajabu, ajabu ni zile sare tulizokuwa tunapata.

Mama Lishe wa Kambi

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi mpira siujui, ofsaidi mpaka leo naelekezwa na wanangu, ila nimepikia kambi ya timu moja huku Mbagala, makubaliano ya mdomo. Mwanzo wa msimu chakula kilieleweka, asubuhi chapati na mayai, mchana wali kuku, usiku ndizi nyama, na tikiti juu. Ligi haijachanganya hela ya soko ikaanza kuja nusu. Nikatoa kuku nikaweka dagaa, nikatoa matunda, ikafika mahali ni ugali maharage mchana na usiku, na vijana wa watu wanaenda kucheza saa kumi jua la Dar mnalijua. Wananiita mama, mama leo kuna nini, unajisikia vibaya ndo unamkopa muuza samaki kwa jina lako. Siku moja wametoka kupigwa tatu, hakuna anayeongea, kiongozi wao kaja na gari anacheka na simu, ananiambia mama usiwe na wasi. Deni la mchele hilo nalibeba mimi.

Mnyama Damu

Mleta mada nakupinga kidogo. Sisi Simba tulichukua ubingwa 2011/12 tukaja kuuona tena 2017/18, na hapo katikati walioadhibiwa ni wengi mno, hebu hesabu walimu: Milovan, Liewig, Kibadeni, Logarusic, Phiri, Kopunovic, Kerr, Mayanja, Omog. Logarusic katimuliwa baada ya kufungwa na ZESCO ya Zambia kwenye Simba Day 2014, siku ya kutambulisha kikosi, ligi yenyewe haijaanza! Kila anayekuja ana mfumo wake na anataka watu wake, anasajiliwa nusu ya aliowataka, nusu ni wa viongozi, akifungwa na Yanga tunapiga kelele sisi wanachama, anaondoka, wale wachezaji wanabaki hawana wa kuwatetea. Kwa hiyo kosa si kwamba hakuna aliyeumia, waliumia wasiohusika. Na Yanga wanatuita wa mchangani, wao wa kimataifa, tumekula hizo kejeli miaka yote. 2016/17 tukalingana nao pointi 68 wakatupita kwa magoli, mimi siku ile sikula.

Kilichokuja kubadilisha ni usajili wa 2017, Manula, Kapombe, Nyoni na Bocco wote kwa mkupuo kutoka Azam, Okwi akarudi. Omog aliondoka katikati ya msimu, Lechantre akamalizia, kwa hiyo msinijie na ile ya kocha asiguswe kamwe. Ila kikosi kiliachwa kikae, na ubingwa ukaja mara nne mfululizo.

Mwananchi Original

Wa mchangani umejieleza vizuri hahaha. Ila na sisi tumeonja. Mwenyekiti na mfadhili wetu Manji alijiuzulu 2017, ndo tukajua kumbe klabu nzima ilikuwa inaning'inia kwenye mfuko wa mtu mmoja. Mwinyi Zahera kocha mzima anahamasisha michango, bakuli linapita, watu wanatuma elfu mbili mbili kwa simu, na pamoja na njaa ile tukamaliza wa pili 2018/19. Kombe la ligi tukaja kulishika tena 2022. Mimi naamini timu ile ingekuwa ndogo isiyo na watu wa kuchangia ingeshashuka zamani, sisi tuliokolewa na wingi wetu tu, uongozi haukuwa na akili kuliko wa hizo zilizokufa.

Suka wa Masafa

Nimeendesha basi la timu. Dar mpaka Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300. Wakubwa wanapanda ndege, kesho yake wako uwanja wa Kaitaba wanapasha. Sisi tunaondoka na hela ya mafuta ya kufika Singida, kuanzia pale katibu anapiga simu. Tumelala sheli tukisubiri muamala uingie, wachezaji warefu wamekunja magoti kwenye siti, kipa kalala chini kwenye korido, mwalimu kakaa mbele na mimi hasemi kitu. Tumeingia Bukoba asubuhi ya mechi. Kipindi cha kwanza hakijaisha tumeshakula mbili. Mwalimu akahojiwa akasema wenzetu wametumia vizuri nafasi walizopata. Angesema nini sasa, tulilala sheli?

Mkazi wa Sinza

Kwenye hoja ya mleta mada niongezee ya mbali. Kaka yangu yupo Ohio, anashabikia Cleveland Browns, ule mpira wao wa kubeba mikononi. 2016 walishinda mechi moja wakapoteza 15, 2017 wakapoteza zote 16. Januari 2018 mashabiki wakafanya maandamano kwenye baridi kali kuzunguka uwanja kusherehekea sifuri yao! Kocha Hue Jackson aliyekuwepo kwenye misimu yote miwili hakuondolewa, walikuja kumfukuza Oktoba 2018.

Sasa sikilizeni, kule hakuna kushuka daraja. Hela ya televisheni ya nchi nzima inagawiwa sawa kwa timu zote 32. Na ukishika mkia ndo unatangulia kuchagua kinda bora kutoka vyuoni, Browns walichagua wa kwanza 2017 na wakachagua wa kwanza tena 2018. Yaani ligi nzima imepangwa ikuinue ukianguka, na bado mtu anakaa chini miaka. Tangu warudi kwenye ligi 1999 wamepitisha makwotabeki zaidi ya 25, huyo ndo mpigaji mkuu wa pasi, mchezo wote unaanzia kwake. 2022 wakamchukua Deshaun Watson, dola milioni 230 za uhakika, na ili kumpata wakatoa nafasi zao tatu za kuchagua raundi ya kwanza. Amekaa nje na majeraha na adhabu kuliko alivyocheza.

Detroit Lions nao walipoteza zote 16 mwaka 2008. Tofauti yao ni kwamba 2021 walimleta Dan Campbell, msimu wake wa kwanza akashinda mechi tatu tu, hawakumgusa, msimu wa 2023 wakabakiza hatua moja kufika fainali kuu. Ingekuwa Bongo hizo tatu asingezifikisha.

Banda la Tandika

Mimi ni mfanyabiashara, naonyesha mpira. Manchester United ilinunuliwa na familia ya Glazer 2005 kwa mikopo na deni likabebeshwa klabu yenyewe. Toka Ferguson astaafu 2013 ubingwa wa ligi hakuna, 2024/25 wakamaliza wa 15, na fainali ya Europa wakafungwa na Spurs. Spurs jamani! Ila wakicheza Jumapili banda langu halina pa kukanyaga, wanafungwa, wanatukanana, wanaapa hawarudi, wiki ijayo hao na buku zao mkononi. Kama mimi wa Tandika kipigo chao hakinipunguzii mauzo, mwenye timu atakuwa na haraka gani?

Katibu wa Zamani

Nimesita kuandika ila ngoja nitoe. Nimekuwa ofisini kwenye klabu iliyokuwa haitoki mkiani. Usajili wetu ulikuwa hivi: mwalimu anaomba beki wa kushoto, analetewa mawinga watatu. Mmoja ndugu wa mwenyekiti, mmoja wa wakala anayegawana na mtu wa kamati, wa tatu mpaka leo sijui alitokea wapi, alikuwa na mkataba tu. Mwalimu akilalamika anaambiwa fundisha, hiyo ndo kazi yako. Tukaleta na mgeni, tukavunja mkataba wake bila kumlipa tukidhani atachoka aende kwao, akaenda FIFA, tukafungiwa kusajili mpaka tulipe. Msimu ukaanza na vijana wa U20 wanakabana na watu wazima, na magazeti yakaandika tumeamua kuamini vijana.

Halafu kulikuwa na kamati mbili, ya mashindano na ile nyingine mnayoijua. Ile nyingine bajeti yake haijawahi kuchelewa hata mara moja. Nimesaini malipo ya faini kwa sababu timu iligoma kuingia kwa mlango rasmi wa uwanja, ikapitia kusikojulikana, na hela ile ya faini ingetosha dawa za kuchua na plasta za msimu mzima. Tukafungwa vilevile. Ila sikumbuki mganga hata mmoja aliyefukuzwa kwa matokeo mabaya.

Na kuhusu mwenye timu kutopoteza kitu, mleta mada umelenga lakini hujamaliza. Mwenye timu akiona mzigo umemshinda hasubiri ishuke. Nafasi ya ligi kuu ina bei. Anamuuzia mtu wa mkoa mwingine, timu inahama, inapewa jina jipya na jezi mpya, waliokuwa wanadai wanabaki na karatasi.

Kipa Mstaafu

Katibu hiyo ya karatasi umenigusa. Mimi yangu ipo kabatini imepigwa muhuri kabisa.

Mleta mada

Aisee. Mnyama Damu nakubali, wanaoumia wapo ila si wenye kuamua, hiyo naichukua. Waliocheza Championship, ligi ya chini ya ligi kuu, bado sijawasikia, kule nasikia kuna timu zinafika uwanjani na wachezaji kumi na mbili. Mama Lishe, samahani mama yangu, lile deni ulilipwa?

Mama Lishe wa Kambi

Hapana mwanangu. Timu iliuzwa, mwenye mpya nilimfuata akasema yeye kanunua timu hakununua madeni, wa zamani hapokei simu. Muuza samaki nimemlipa mwenyewe kidogokidogo. Mwaka huu wamekuja wengine wanataka niwapikie, nimewaambia hela ya wiki nzima mezani ndo niwashe jiko, wakaenda kutafuta mwingine.