Mjadala: Kumpiga mtu picha ya uso pale Mwaloni bila kumuomba, ni sawa?

Wadau habari za jioni. Sisi wachache hapa Mwanza tunapiga picha kwa simu, sio biashara, ni kupenda tu. Juzi mwenzetu alienda Mwaloni Kirumba, lile soko la samaki na dagaa, asubuhi akampiga mama mmoja anageuza dagaa, uso umetoka vizuri yaan hadi jasho kwenye paji unaliona, akaitupia stetasi. Ikasambaa. Siku mbili mbele ikamfikia mama mwenyewe kwenye simu ya mwanae, na mtu ashaandika juu yake maneno ya umaskini. Mama ana mtaji wake, anasomesha watoto kwa dagaa haohao, leo anaonewa huruma na watu asiowajua!

Wenzangu wanasema soko ni sehemu ya wazi, na ukiomba picha imekufa, mtu anasimama wima kama anapigwa ya paspoti. Mi nasema tuombe, kila mara.

Na hilo la kufa sio kweli. Msalimie, mwangaluka mama, jieleze, akikubali usipige kwanza. Kaa. Dakika kumi hivi anasahau simu yako, mikono inarudi kazini, anacheka na jirani yake, hapo ndo unapiga. Na kwa vile umeruhusiwa unaweza kumuomba akae kwenye kivuli cha banda uso ukitazama nje, wale dagaa waliotandazwa juani wanarudisha mwanga laini unampanda usoni kutoka chini. Unarudi hatua tatu unatumia lensi ya mara mbili, maana ile pana ukiisogeza karibu pua inakuwa kubwa kuliko ilivyo. Unagusa uso kwenye kioo, unashusha mwanga kidogo kwa sababu simu nyingi zikikutana na ngozi zetu nyeusi zinazidisha mwanga. Ule ukungu wa nyuma, yaani simu inapofifisha vilivyo nyuma ya mtu, nao simu inaukisia kwa hesabu, mtu akitikisika inamkata kilemba, sa utamwambiaje atulie kama umejificha nyuma ya magunia unazumu mpaka picha imekuwa chengachenga?

Mdau wa Igogo: Unakaza sana kaka. Asubuhi pale wavuvi wanashusha, makuli wanapita na mizigo, utamuomba nani umuache nani? Mtu anarusha wavu, ukisema samahani wavu ushaingia majini.

Mtoa mada: Hapo nakubali. Mitumbwi inaingia, watu wapo kwa mbali, jua linazama ziwani kwenye saa moja kasoro, piga. Nazungumzia pale uso wa mtu mmoja ndo picha yenyewe.

Mdau wa Ilemela: Mimi nauza samaki, mnaonipiga ni nyie. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mnapiga mnaondoka, siioni tena. Kijana mmoja aliniamkia, akaniomba, jioni akanitumia. Ndo ipo kwenye profaili yangu mpaka leo, na wateja wa dagaa wameniulizia kupitia hiyohiyo.

Mdau wa Nyegezi: Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Msidhani ni mambo ya adabu tu.

Mtoa mada: Asante, wenzangu waisome. Ila yule mama hajaulizia sheria, alichotaka ni ifutwe tu, na mwenzetu kaifuta kwake lakini watu washaihifadhi na kuirusha kwenye magrupu. Dada wa Ilemela nimekuelewa sana, kutuma picha nilikuwa naona ni hisani, kumbe ni haki yake. Jumamosi nampeleka mwenzetu Mwaloni akamuombe mama msamaha. Sasa nisaidieni, hasa nyie mnaosema sehemu ya wazi: picha ambayo imeshamtoka mpigaji mikononi, ana wajibu gani tena kwa huyo mama zaidi ya kusema samahani?