Spana yangu namba 10 imeonekana baada ya miaka 7, na mimi nimefura

Jamani, tangu jana sijalala vizuri. Wacha niyatapike hapa kabla sijamrukia mtu asiye na kosa.

Mimi ni fundi wa magari, gereji yangu iko Changamwe, Mombasa, ya mabati na mwarobaini mmoja. Mwaka 2017 nilipoteza spana namba 10, mdomo huku, ringi huku. Kuna watakaosema "ah, spana moja tu". Sikiza. Gari nyingi zinazoshuka hapa bandarini ni za Kijapani, na kwenye Mjapani ukiwa na 10, 12 na 14 kazi nyingi imekwisha. 10 ndiyo ya vichwa vya betri, ya kisanduku cha chujio la hewa, ya kila bolti ndogo ya M6, yaani ya unene wa milimita 6. Hata mwenye gari ya Kijerumani, ambaye 12 yangu haimfai maana yeye ataka 13, hiyo 10 aitaka vilevile. Ukiikosa, umekaa.

Tena ilikuwa ya marehemu baba. Nikaipiga tupa mistari miwili shingoni ili asije mtu akadai ni yake.

Basi jana ikaja gari, Toyota Probox, ya mteja wa zamani aliyehamia Kilifi. Betri imekufa. Nanyanyua betri, nachungulia pembeni mwa sinia yake, chini kabisa, kuna kitu kimelala. Navuta. Mistari miwili.

Niliisahau mwenyewe, kwa mkono wangu, hilo nalikubali. Lakini betri haikai miaka 7 kwa joto hili letu! Mwenye gari asema ameshabadilisha mara mbili huko alikokuwa. Yaani mafundi wawili walishika 10 zao, wakalegeza vichwa, wakatoa betri, wakaiona yangu imelala pale, wakatia betri mpya, wakafunga, wakala hela zao. Hata kumwambia mwenyewe "mzee, humu mna chuma" wameshindwa! Hata kuiba hawakuiba! Mwizi ningemwelewa, angalau angeifanyia kazi.

Na chuma kile kingerushwa na shimo la barabara kikagusa kichwa cha chanya na bodi kwa pamoja? Ni cheche hapo, waya zayeyuka, gari yawaka na watu wamo ndani. Fundi aliyefumba macho yuko nyumbani anywa chai.

Spana yenyewe imekwisha. Kwengine kromu bado yang'aa, ila pale nilipopiga tupa ndipo kutu ilipopata mlango. Tupa ilikula kromu, na chumvi ya bahari yetu haingoji kukaribishwa. Alama niliyoitia isiibwe ndiyo iliyoiua. Nimeilaza kwenye mafuta taa usiku kucha, nimesugua kwa brashi ya waya, bure. Mdomo umelika, kwenye nati yateleza.

Sasa hili nalisema upesi upesi. Mwaka ule nilimkata mwanagenzi wangu pesa kwa ajili ya spana hii. Kijana akaapa, mimi nikamwambia kiapo apeleke kwao. Wiki iliyofuata hakuja tena. Leo ana gereji yake Mtwapa, na kwa umeme wa gari wallahi anishinda. Jana usiku nimemtumia picha ya spana na maneno mawili ya kuomba radhi. Ameiona. Hajajibu.

Na asije mtu hapa akanishauri niweke ubao niuchore umbo la kila chombo. Ubao ninao! Tangu 2019! Nafasi ya 10 iko wazi, na hii ni 10 ya nne nanunua. Ubao haumzuii mtu anayeingia na "fundi, naregesha sasa hivi". Hiyo "sasa hivi" ina urefu gani? Jirani yangu, wajijua, ulichukua puli ya kung'olea beringi siku mbili kabla ya Ramadhani, na Ramadhani nyengine hiyo yabisha hodi. Nimekuona ukipita upande wa pili wa barabara ukijifanya wazungumza na simu.

Gereji haijahama. Mwarobaini ni ule ule. Lete puli yangu.