Mrejesho: Mkanda wa alternata umeacha kulia

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kuhusu pikapu ya dizeli ya 1998, ile inayolia asubuhi nikiwasha, na nikifungulia AC ndiyo balaa, majirani wanachungulia dirishani. Wengi mlisema nikaze mkanda. Nikakaza: kimya siku mbili. Nikanunua mpya: wiki haikuisha, yale yale.

Aliyesema niangalie puli yenyewe (gurudumu lenye mfereji unamopita mkanda), unanidai soda. Mkanda wa umbo la V unashika kwa ubavu, haupaswi kugusa chini ya mfereji. Puli yangu ya alternata (ile inayochaji betri) ilikuwa imelika, chini inang'aa kama kijiko. Mkanda umekalia pale unateleza tu. Halafu sili (kizuizi cha oili) ya pampu ya vakyumu, ile inayosaidia breki, nyuma ya alternata, ilikuwa inavuja na oili inarukia mkanda.

Nimefunga puli ya mtumba, sili mpya, mkanda mwingine tena (uliolowa oili nimeutupa). Nikiubonyeza katikati kwa dole gumba unashuka kama sentimita moja. Baada ya siku chache nikaukaza tena kidogo, maana mpya hulegea.

Wiki ya tatu hii, AC inapuliza, kimya. Sasa nasikia shokapu.