Nimemaliza PCB, nataka kusoma jenetiki ila nyumbani wanataka MD. Naombeni ushauri

BintiKorogwe
Habari zenu wakubwa, shikamooni mliotangulia. Nimemaliza kidato cha sita PCB (fizikia, kemia, baiolojia), matokeo yametoka nina division one ya pointi 6. Nyumbani wameshaamua nisome MD, yaani udaktari, baba ameshawaambia mpaka majirani. Mimi moyo wangu uko kwenye jenetiki na sababu yake sio ya vitabuni. Mdogo wangu wa kiume, Juma, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tangu niko darasa la tano najua kumkanda miguu usiku, najua akinyamaza ghafla na kuanza kukunja vidole basi maumivu yanakuja na natakiwa nimwamshe mama. Sasa form four mwalimu wa baiolojia akachora kale kaboksi ubaoni, AS kwa AS, yaani kila mzazi ana jeni moja nzima na moja ya selimundu, mmoja kati ya wanne anatoka SS, mgonjwa, nikawaona baba na mama mle ndani ya boksi, nikashindwa kuandika notsi siku ile. Toka hapo nataka kujua hii kitu mpaka mwisho wake.

Shida mjomba kaniuliza "ofisi gani Tanzania imeandikwa mlangoni mtaalamu wa jenetiki?" na sikuwa na jibu. Naombeni waliopita njia hii waniambie, inasomewa wapi, na kazi zipo au hazipo?

Mzee_Mwanga
Hongera sana mwanangu kwa pointi 6. Nitasema kama mzazi, usiichukie MD. Daktari akimaliza intern ana leseni mkononi na anaeleweka kila mkoa, na bado anaweza kwenda masta ya jenetiki baadae. Nina kijana wa ndugu yangu kasoma sayansi ya baiolojia, kakaa nyumbani miaka miwili. Baba yako anaogopa hilo, hakuoneshi ubaya.

Mbegu_na_Udongo
Mzee wangu shikamoo, nakuelewa, ila mjomba nina jibu lake. Kazi ya jenetiki hapa kwetu haivai jina hilo, imejificha kwenye majina mengine. Mimi nafanya uzalishaji wa mbegu za mihogo na kila siku nafanya jenetiki asubuhi mpaka jioni, na mlangoni kwangu hakuna kibao chochote.

Na wewe BintiKorogwe ni mtu wa nyumbani kabisa. Amani, hapo juu Muheza, ndipo ugonjwa wa michirizi kahawia wa muhogo ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1936, na hapohapo watafiti wakaanza kuchanganya muhogo wetu na jamaa yake wa porini, ule mti wa mpira, kisha wanaurudisha kwa muhogo tena na tena mpaka ubaki utamu na kinga. Mbegu inayoitwa Namikonga huku kwetu na Kaleso kule Kenya ni mmea mmoja, asili yake kazi hiyo ya Amani, na mpaka leo tunaitumia kutafuta kinga iko sehemu gani ya kromosomu.

Nikueleze kazi yenyewe ilivyo maana watu wanadhani ni koti jeupe tu. Ua la kike la muhogo linafunguka kabla ya la kiume kwenye kishada kimoja, kwa hiyo unalivalisha kimfuko nyuki asikutangulie, mchana jua likiwa kali unaleta chavua ya baba uliyemchagua unapaka kwa mkono, unafunga, unaandika lebo. Tunda moja linakupa mbegu 3 tu ikizidi sana. Unapanda, unasubiri karibu mwaka, halafu unang'oa. Na hapo ndipo panauma, maana muhogo kwa nje unaweza kuwa mzuri kabisa, ngozi safi, ukikata kisu kinapita kwenye mabaka ya kahawia makavu kama kizibo, mama mwenye shamba amesimama pembeni anaangalia chakula cha watoto kimeoza ndani ya ganda. Nimeiona mara nyingi na sijaizoea. Sasa tunachukua jani changa tunatoa DNA, tunawajua watoto wenye kinga wakiwa miche bado badala ya kusubiri mavuno, ila shambani lazima uende tu.

Ukivutiwa na upande huu SUA, chuo cha kilimo Morogoro, wana digrii ya bayoteknolojia na sayansi ya maabara. TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wana vituo Kibaha, Mikocheni, Ukiriguru na kwingine, omba fildi mapema.

DadaMaabara
Mdogo wangu nimesoma ulivyoandika habari ya kukunja vidole nikaacha kazi kidogo. Mimi niko kwenye utafiti wa selimundu, nikueleze ukweli wote, mtamu na mchungu.

Uchungu kwanza. Nilisoma baiolojia ya molekyuli na bayoteknolojia, UDSM (Chuo Kikuu cha Dar) wanayo hiyo kozi. Nilipomaliza nikakaa miezi 14 naomba kazi. Hospitali nyingi nilizoomba zilitaka usajili wa baraza la wataalamu wa maabara za afya na digrii yangu haikunipa huo usajili, na chuoni hakuna aliyewahi kuniambia. Nililia sana. Kwa hiyo kabla hujajaza maombi ya chuo ya TCU uliza, kozi hii inanisajili wapi? Ukitaka kupima wagonjwa njia ni sayansi ya maabara za tiba. Ukitaka kutafiti, baiolojia ya molekyuli inatosha ila ujue masta ni lazima, mara nyingi na PhD, na chuo cha Nelson Mandela kule Arusha wanachukua watu wa masta na PhD.

Kilichonitoa ni kompyuta. Ile miezi nikajifunza Linux na R, lugha ya kompyuta ya kuchambua data, kwa bando la usiku, peke yangu, maana mashine inasoma DNA inakumwagia mamilioni ya vipande vya herufi, bila kuviandikia programu huoni kitu. Nikaanza kujitolea, kisha mkataba, na leo wanaojua pipeti pamoja na kompyuta bado tunahesabika. Anza sasa hivi ukisubiri chuo, laptopu ya kuazima inatosha.

Sasa utamu. Tanzania kila mwaka wanazaliwa watoto kama 11,000 wenye selimundu, tuko kwenye nchi za juu kabisa duniani. Na wanaotafiti jambo hili ni watu wetu, Profesa Julie Makani na timu ya Muhimbili wamefuatilia maelfu ya wagonjwa kwa miaka. Mwaka 2014 walichapisha utafiti wa jenomu za wagonjwa wa Tanzania, wakitafuta jeni zinazoifanya himoglobini ya kichanga, ile ya damu ya mtoto kabla hajazaliwa, iendelee kubaki mwilini, maana mtoto anayebaki nayo nyingi anaumwa kidogo. Moja ya jeni zilizojitokeza ni BCL11A. Novemba 2023 Uingereza wakaidhinisha tiba ya Casgevy, Marekani wakafuata Desemba, na inachofanya ni kudhoofisha BCL11A hiyohiyo kwenye seli za uboho ili himoglobini ya kichanga irudi. Yaani herufi mbovu yenyewe haiguswi, wanazunguka nyuma yake. Bei ya Marekani dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, tena anapewa kwanza dawa kali za kuua uboho wa zamani. Mdogo wako hawezi kuifikia leo. Kuifanya iwe nafuu, iwe sindano, ifanyike Dar, hiyo kazi haijafanyika na mimi natamani watu kama wewe waje tuifanye.

Kisutu_Sheria
Naongezea kidogo upande wa mahakama. Kesi za ubakaji, miili isiyotambulika, ubishi wa mtoto wa nani, zote zinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na tuna sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009. Nimeona kesi ikigeuka kwa pamba moja ya mate. Ajira zake ni chache ila zipo.

Mzee_Mwanga
DadaMaabara umenifundisha, asante. Basi ushauri wangu naupunguza: binti asome anachokitaka ila aingie akijua usajili wake uko wapi. Na kwa pointi hizo mwanangu angalia Samia Skolashipu, ni ya waliofaulu vizuri sayansi, hiyo inampunguzia baba mzigo na maneno.

BintiKorogwe
Asanteni mno, nimesoma mara tatu na jana usiku nikamsomea baba kwa sauti. Alinyamaza muda, akauliza, "hiyo himoglobini ya kichanga, ya Juma ni kiasi gani?" Hatujui. Kwenye kadi yake ya kliniki imeandikwa SS basi. DadaMaabara, hicho kipimo tukienda kliniki mwezi ujao tukiombe kwa jina gani?

DadaMaabara
Ombeni waangalie HbF, ndiyo hiyo himoglobini ya kichanga. Mara nyingi inatoka kwenye kipimo kilekile kilichowapa SS, mwambie nesi atoe majibu kamili ya karatasi, usikubali ya mdomo. Na muulizeni daktari kama Juma anatumia haidroksiurea au kwa nini hatumii, maana dawa hiyo nayo inapandisha HbF. Njoo PM nikutumie masomo ya R.