Wakuu naomba ushauri: spika ya betri ya wati ngapi inatosha kwa modela ya gitaa?

NyuziSita:
Habari zenu wakuu. Mimi ni mpiga solo, tuko kikundi cha watu wanne. Nilikuwa na amplifaya ya vali, mgongo ukagoma, nikaiuza na kuhamia kwenye Line 6 HX Stomp, modela ya kukanyaga, yaani kifaa cha kidijitali kinachoigiza amplifaya. Kwenye hedifoni napiga hadi raha. Shida ni tukienda kupiga nje pasipo na umeme. Nina spika ya betri, zile za kubeba kwa mpini, ila nikiitumia gitaa halisimami, linakuwa nyuma nyuma. Mpiga ngoma ananikata jicho wimbo mzima. Nahisi wati ni ndogo, spika inahangaika. Nataka kununua kubwa zaidi ya hiyo.

Swali langu ni moja tu: wati ngapi zinatosha? Shughuli iko karibu, kwa hiyo majibu ya haraka tafadhali, matusi hapana. Naomba kuwasilisha.

Mshika Pembe:
Ngoja waje wenye fani yao. Nimevuta kiti.

Mzee wa Besi:
Kijana umeuza vali ukanunua kompyuta ya kukanyaga, halafu unalia. Enzi zetu tulibeba Fender Twin Reverb, kilo 29 hizo, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Kuna siku ilinitoka mkononi kwenye ngazi, ikashuka yenyewe mpaka chini, tukaichomeka ikaimba. Hiyo Stomp yako idondoshe tuone.

Sijajibu swali lako, najua.

Bi Metronomi:
Samahani mdogo wangu, ila wenzako wakikuambia uko nyuma, spika usiisingizie. Wengi mnakimbilia vifaa wakati mkono haujaiva. Washa metronomi kwenye mapigo 60 kwa dakika, piga noti moja kila mlio, ukiweza dakika tano bila kutereza ndiyo urudi hapa kuuliza mambo ya wati.

NyuziSita:
Dada metronomi ninayo na saa ninaijua. Kwenye hedifoni niko sawa kabisa. Nauliza wati.

Fundi Waya:
Mkuu, wati acha kwanza. Namba hiyo wanaiandika kwa ajili ya kukuvuta. Spika ya HeadRush FRFR-108 imeandikwa wati 2000, lakini hicho ni kilele cha kufumba na kufumbua. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, ambazo mtu wa nyuma huenda hata asizigundue. Ili sikio liseme "hii sasa ni mara mbili" unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Na nje hakuna kuta za kukurudishia sauti: kila umbali ukiongezeka mara mbili, unapoteza desibeli 6. Kwa hiyo kwenye karatasi ya spika tafuta kiwango cha juu cha desibeli, wati ziache zilivyo.

Pili, modela inataka spika isiyo na maoni yake. Spika ya kawaida ya gitaa inaishia kama 5000 Hz, juu ya hapo inakata. Modela inaigiza huo ukataji kwa IR ya kabineti, yaani faili linalonakili mlio wa boksi la spika la gitaa, ndiyo maana unaipeleka kwenye spika pana ya masafa na iliyo sawa, wanazoziita FRFR. Ukizima IR kwenye spika pana, gitaa litalia kama nyigu ndani ya kopo. Ukiiacha IR kwenye kabineti halisi ya gitaa, sauti inafukiwa.

Sasa niambie: IR umeiwasha? Na umeunganishaje?

NyuziSita:
IR iko, ya spika ya Vintage 30. Besi nimekata chini ya 90 Hz, juu nimekata 7000. Kuunganisha ni kawaida tu. Kwa hiyo wati 300 zitatosha?

Fundi Waya:
Kawaida ipi? Unatoka tundu gani, unaingia tundu gani, waya wa aina gani?

Mshika Pembe:
Hapo pa "kawaida" ndipo maiti ilipofukiwa.

NyuziSita:
Jamani mbona mnanihoji? Sitaki waya, napenda kutembea jukwaani. Natumia Bluetooth. Sikuandika kwa sababu haihusiani, sauti inafika vizuri tu, wala haikatiki.

Fundi Waya:
Inafika, ila imechelewa. Bluetooth ya kawaida inafunga sauti, inaituma, inaifungua, inaiweka akiba kidogo ndipo inaipiga. Hapo zimeenda milisekunde 100 mpaka 200, na wakati mwingine zaidi. Fanya hesabu: wimbo wa 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, robo ya pigo ni 125. Wewe kila noti unayoipiga inatoka robo pigo nyuma ya mpiga ngoma. Mkono wako hauna kosa. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 150 ni sawa na wewe kusimama zaidi ya mita 50 kutoka kwenye spika yako.

Kwa kusikiliza muziki huoni kitu, kwa sababu hakuna unachokigusa. Kwa kupiga, ukivuka kama milisekunde 10 mkono unaanza kuhisi.

Bi Metronomi:
Basi hapo nimeelewa. Ila dakika tano za metronomi hazijawahi kumdhuru mtu.

KopoTupu:
Wakuu mnapoteza muda, hii ni CHAI. HX Stomp haina Bluetooth. Narudia, haina. Mwongozo nimeusoma kurasa zote, kuna USB, kuna MIDI, kuna tundu la hedifoni, Bluetooth hakuna. Huyu hana Stomp, ameokota jina. Akaunti yenyewe mpya. Subirini, uzi ukifika katikati ataleta jina la spika na namba ya muuzaji.

Mshika Pembe:
Chai ya maziwa au ya rangi?

Mzee wa Besi:
Nami nilishangaa, mtu anauza vali!

Fundi Waya:
KopoTupu ana hoja. NyuziSita, hiyo Bluetooth inatokea wapi?

NyuziSita:
Mnanionea. Kuna kitransmita kidogo nimechomeka kwenye tundu la hedifoni. Tundu la Stomp ni jeki kubwa, kitransmita ni jeki ndogo, kwa hiyo kati nimeweka kiunganishi na kukifunga utepe mweusi kisicheze. Kikiwaka taa ya bluu kimeshika. Picha hiyo hapo.

KopoTupu:
Picha nimeiona. Utepe umezungushwa mpaka umefunika nusu ya neno PHONES. Sawa, Stomp unayo. Ila umesema mnapiga pasipo na umeme. Stomp inataka 9V, adapta yake imeandikwa 3A. Unaiwasha na upepo?

NyuziSita:
Pawabenki, na waya wa kupandisha kuwa 9V. Kuna jingine mheshimiwa hakimu?

Fundi Waya:
Hapo angalia. Stomp inataka hasi iwe katikati ya pini, na waya nyingi za namna hiyo zina chanya katikati. Pima kwa mita kabla hujachomeka. Pia hakikisha pawabenki inatoa hiyo 9V kwa ampea za kutosha, maana ikilegea modela itajizima katikati ya solo.

Kuhusu kutembea: ondoa waya upande wa gitaa, usiuondoe upande wa spika. Kuna virusha vya gitaa vya 2.4 GHz vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Boss WL-20 wanataja milisekunde 2.3. Unatembea utakavyo, Stomp inabaki sakafuni na waya wake mpaka kwenye spika.

NyuziSita:
Nimekuelewa, lakini kuna jambo. Spika kubwa nimeshatanguliza hela. Ni ya Bluetooth, ina mataa, ina kitufe cha kuongeza besi. Nadhani kwa kuwa ni kubwa itakuwa na Bluetooth ya kasi zaidi.

Mshika Pembe:
Kumbe swali la wati lilikuwa la kuomba baraka.

Fundi Waya:
Ukubwa wa spika hauongezi kasi. Kuna Bluetooth za ucheleweshaji mdogo, karibu milisekunde 40, ila lazima kitransmita na spika vyote viwe vya aina hiyo, na bado 40 ni nyingi kwa mpiga gitaa.

Kabla ya kumalizia hela, nenda na Stomp na waya. Zima kitufe cha besi na madoido yote ya spika. Funika nyuzi kwa kiganja, gonga kwa peki, sikiliza: mlio wa peki kwenye uzi na mlio wa spika vinatoka pamoja au vinafuatana? Baadhi ya spika hizo huchakata sauti kidijitali hata ukiingia kwa waya, zinachelewa vilevile. Vikifuatana, omba hela yako.

Za betri zilizotengenezwa kwa wanamuziki zipo: Bose S1 Pro, JBL EON ONE Compact, Electro-Voice EVERSE 8. Roland CUBE Street EX inakula betri nane za AA, ila hiyo tayari ina amplifaya za kuigiza ndani, utatumia njia yake isiyo na madoido. Na yoyote utakayochukua, usiiweke chini halafu ukasimama juu yake. Inyanyue au ilaze kwa pembe ikutazame usoni.

NyuziSita:
Nimemuuliza muuzaji kwa simu. Anasema nyuma kuna tundu moja tu la waya, limeandikwa MIC. Inafaa? Spika yenyewe nzuri kweli wakuu, msiikatae hivihivi.

Fundi Waya:
Inapitika. Tundu la maiki linatarajia sauti ndogo, ukiliingizia nguvu kubwa ya laini (Line) sauti itapasuka. Kwenye mipangilio ya jumla ya Stomp toa Line weka Instrument, anza sauti ikiwa chini kabisa, panda taratibu. Kisha jaribio la peki.

KopoTupu:
Picha ya hilo tundu tafadhali.