Vyuo vinafunguliwa Jumatatu. Nifungue saluni au niendelee kumlinda mama?

Msusi wa Changanyikeni (Jumamosi, 30 Mei 2020, usiku)

Habari za usiku wapendwa. Naandika mwanangu akiwa amelala na mama yuko chumbani kwake anasikiliza redio, maana haya siwezi kuyasema mbele yake.

Nina saluni ya kike hapa Changanyikeni, Dar es Salaam, fremu moja, viti vinne, draya mbili. Wateja wangu zaidi ya nusu ni wanafunzi wa chuo. Machi vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona walirudi makwao, nikabaki na wateja wa mtaani, na wiki ya kwanza ya Aprili nikafunga kabisa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilifunga kwa sababu ya mama. Ana miaka 67, ana kisukari mwaka wa kumi na moja huu, na presha juu yake. Tunaishi vyumba viwili na sebule, choo kimoja, sote watatu.

Sasa tarehe 21 Rais ametangaza vyuo na kidato cha sita warudi Juni mosi, yaani keshokutwa. Simu haitulii. "Dada utafungua lini, nywele zangu zimekuwa msitu." Kodi ya fremu ni 250,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo ifikapo Julai mosi. Kikoba nakirejeshea 40,000 kila Jumamosi, na wiki mbili hizi nimekopa kwa mtu ili nirejeshe. Wasusi wangu wawili wanalipwa kwa kichwa, kwa hiyo wamekaa miezi miwili bila kitu. Mmoja ana mtoto wa miezi minane.

Ninachoogopa ni hiki. Rasta ndogondogo ni saa tano, wakati mwingine sita. Kichwa cha mteja kinakuwa kifuani pangu. Anaongea, anacheka, anakula chipsi palepale kitini. Ukiacha nesi, sijui nani mwingine anakaa na pumzi ya mtu muda wote huo. Halafu jioni narudi kumpikia mama.

Takwimu za mwisho za taifa nilizosikia ni za tarehe 29 Aprili, wagonjwa 480 na vifo 16. Tangu hapo napima kwa macho: naangalia misiba ya mtaani, naangalia daladala zilivyojaa. Kuna anayeniambia yamekwisha, kuna anayeniambia nimsafirishe mama Muheza kwa mama mdogo. Naomba mawazo ya watu wenye nia njema.

Mama Pacha

Pole sana dada yangu. Fungua. Nasema hivyo mimi ambaye baba yangu mdogo tulimzika Aprili, alishindwa kupumua siku tatu tu, tukasimama makaburini watu tunaohesabika. Kwa hiyo sidharau kabisa. Ila njaa nayo ninaijua. Ukipoteza fremu, dawa za mama utanunua kwa nini? Metformini haiji kwa huruma.

Kijana wa Mbagala

Dada fungua moyo wako, tuliomba siku tatu taifa zima, Aprili 17 mpaka 19, na Mungu amesikia. Mbona masoko hayakufungwa hata siku moja na watu tupo? Mpigishe mama nyungu asubuhi na jioni, mchaichai, mwarobaini, majani ya mpera, na wewe piga ukirudi kazini. Hofu inaua kuliko ugonjwa.

Nesi wa Zamani

Mwanangu wa Mbagala, sali, na mimi nasali. Lakini nimefanya kazi wodini miaka 31, na nyungu siwezi kuinyamazia. Mvuke unafungua pua na mtu anajisikia vizuri, sikatai. Hauuwi kirusi kilichokwisha kuingia mwilini. Na mzee wa kisukari ukimfunika blanketi juu ya sufuria inayochemka, miguu yake pengine imeshapungua hisia, akiungua hajui, na kidonda cha kisukari unakijua mwenyewe kinavyochukua miezi. Mama huyu asipigishwe nyungu.

Sasa dada, niulize mambo ambayo hujayasema. Sukari yake ikoje? Mara ya mwisho kwenda kliniki ilikuwa lini? Nauliza kwa sababu tangu Machi wazee wengi wameacha kliniki kwa woga, na sukari iliyopanda ndiyo inayomfanya mtu huyu aelemewe vibaya akiupata ugonjwa. Kabla hujafikiria saluni, hakikisha ana dawa za miezi miwili ndani na sukari imepimwa. Hilo linapunguza hatari yake hata kama hutafungua mlango.

Kuhusu kusuka kwenyewe. Wajapani tangu Machi wanawaambia watu wao waepuke mambo matatu yakikutana: chumba kisicho na hewa, watu wengi, na kuongea kwa karibu. Saluni yenye mlango wa kioo na feni inayozungusha hewa ileile inayo yote matatu. Ukaribu huwezi kuuondoa, umesuka maisha yako yote unajua. Mengine mawili unaweza. Je, fremu yako ina baraza?

Msusi wa Changanyikeni

Asante mama. Kliniki hajaenda tangu Februari. Nimeona aibu kuandika hilo lakini ni kweli, nilidhani namlinda kwa kumweka ndani. Baraza lipo, kama hatua sita kwa nne, huwa tunaanika mataulo.

Binti Muheza

Naomba niseme kuhusu kumsafirisha. Usimpeleke. Utampandisha basi la watu hamsini zaidi ya saa tano ili kumkinga na wateja wanne? Na kama bila kujua ameshaambukizwa na wewe, atawapelekea mama mdogo na wajukuu wa kule, mahali ambapo hospitali ya kueleweka ni safari nyingine. Huku kwetu tuna machungwa ya kutosha na hewa nzuri, lakini wazee wetu ni walewale wenye presha. Mjini mmezoea kuona kijiji kama ghala la kuhifadhia wazee. Samahani kama nimesema kwa ukali, bibi yangu yuko huko.

Msusi wa Hamburg

Dada, mimi ni mtu wa Temeke, nasuka Hamburg mwaka wa tisa. Saluni huku zilifungwa Machi, zikafunguliwa Mei 4. Nikueleze tunavyofanya uchukue kinachokufaa.

Mteja haingii bila miadi. Yeye barakoa, mimi barakoa, mwanzo hadi mwisho, na akitaka kula au kunywa anatoka nje. Nywele zinaoshwa hapahapa kwanza. Kiti hadi kiti mita moja na nusu. Naandika jina, simu, saa aliyoingia na saa aliyotoka, ili mmoja akiugua wengine waambiwe. Nyusi, kope na ndevu walitukataza mwanzoni kwa sababu ni uso kwa uso. Magazeti yote nimeondoa. Nilikuwa na viti vitano, sasa natumia viwili.

Lakini nikwambie ukweli ambao ukiukosa utajilinganisha na sisi bure. Nilipofungiwa, serikali ya huku ilitoa msaada kwa biashara ndogo, hadi yuro 9,000 kwa zenye wafanyakazi wasiozidi watano. Mimi nilikaa nyumbani nikiwa nimelipiwa kodi. Wewe umejifungia kwa pesa yako na deni la kikoba. Umefanya peke yako kazi ambayo kwingine ilifanywa na hazina ya taifa. Kwa hiyo sitathubutu kukwambia uendelee kufunga.

Fundi Mahesabu

Mimi nitazungumzia pesa tu. Dada, 1,500,000 kwa mkupuo ndiyo inayokusukuma ufungue viti vyote vinne. Deni likipungua, utapata nafasi ya kufungua kwa tahadhari. Nenda kwa mwenye nyumba kabla ya Julai, usisubiri aje. Fremu ngapi hapo zimefungwa? Nina hakika zipo. Mwambie nakupa ya miezi miwili au mitatu, la sivyo nakurudishia ufunguo. Mwaka huu mwenye fremu ndiye anayemtafuta mpangaji. Kikoba nako ongea na mwenyekiti, omba urejeshe nusu kwa wiki nane. Wengi wako hali yako, wameona haya tu kusema.

Mwanakwetu wa Likoni

Huku Mombasa kafyu ni saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na kaunti yetu tangu Aprili hatutoki wala hakuna wa kuingia. Dada yangu naye ni msusi. Alianza kuzunguka majumbani kusuka kisirisiri, nyumba nne kwa siku. Mie hilo ndilo ninalokuombea usilifanye. Ukisuka kwa watu unaingia kwenye sebule zao na wazee wao, na huna amri ya dirisha wala ya barakoa. Afadhali waje kwako kwenye baraza, uwapangie wewe.

Mzee wa Kigogo

Nimesoma yote. Mimi nina miaka 70, presha ninayo, naishi kwa mwanangu dereva wa bodaboda. Hapa kila mtu ameshauri juu ya mama. Ale nini, aende wapi, alindwe vipi. Binti, wewe umemuuliza? Mwanangu alinificha miezi miwili kwamba amekopa ili asipande pikipiki kwa ajili yangu. Nilipojua niliumia kuliko ningeumwa. Mwili huu ni wangu mimi, na hatari iliyo juu yangu nina haki ya kuipima. Sikwambii atakubali au atakataa. Nakwambia muulize, umweleze na deni lote, usibakize hata shilingi.

Msusi wa Changanyikeni

Baba, nimelia. Sijamuuliza. Kesho baada ya chai.

Msusi wa Changanyikeni (mrejesho, Jumamosi, 18 Julai 2020)

Wapendwa, samahani kwa ukimya, na asanteni mliokuwa mkiniulizia.

Nilimwambia mama yote. Deni, kodi, wasusi, hofu. Alinyamaza mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Mimi nisiwe kufuli ya mlango wako." Muheza akakataa katakata. Akatoa masharti yake: yeye akae chumba cha nyuma chenye dirisha, awe na kikombe na sahani yake, mjukuu ndiye ampelekee chakula, na mimi nikirudi nioge kwanza kabla hata ya kusalimia. Na jioni tukae nje, yeye mlangoni na mimi kwenye ngazi, tuongee. Hilo la mwisho alilisisitiza kuliko mengine.

Kliniki tulikwenda. Sukari ilikuwa 14. Wamembadilishia dawa, wiki iliyopita ilikuwa 8.

Nilifungua Juni 10. Nimeweka turubai barazani, viti viwili tu, ndoo ya koki na sabuni, miadi kwa simu, barakoa ya kitenge kwa asiye nayo nauza 1,000. Rasta ndogondogo nimeacha. Nasuka twende kilioni, yeboyebo na rasta nene, hakuna kinachozidi saa mbili na nusu. Wasiotaka wanakwenda kwingine, na wamekwenda wengi. Wengine wananicheka waziwazi, mtaa mzima hakuna mwenye barakoa. Napata kama nusu ya zamani. Mwenye nyumba alikubali miezi mitatu. Asante Fundi, fremu mbili za jirani zilikuwa zimefungwa kweli.

Jambo moja limenikuta. Wiki ya mwisho wa Juni msusi wangu mwenye mtoto alianza kukohoa na homa. Ugonjwa gani hatukujua, hakupimwa. Nilifunga siku kumi na nne, nikampa nusu ya ambacho angepata, nikalala sebuleni dirisha wazi. Daftari la majina nililoiga Hamburg lilinisaidia, niliwapigia wateja kumi na tisa. Wawili walinitukana. Hakuna aliyeniambia ameumwa. Yeye amepona, amerudi.

Nesi wa Zamani

Umefanya kama mtu wa wodini, mwanangu. Na tarehe 14 mwezi huu kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kimetoa taarifa inayokuhusu moja kwa moja. Wasusi wawili wa Springfield, Missouri, walifanya kazi wakiwa na dalili, wakahudumia wateja 139. Wote walivaa barakoa, msusi na mteja. Hakuna mteja aliyeonyesha dalili, na 67 waliokubali kupimwa wote hawakukutwa na korona. Wale 72 wengine hawakupimwa, kwa hiyo tusiseme zaidi ya kilichopimwa. Na wateja wale walikaa kati ya robo saa na dakika 45, si saa mbili na nusu. Barakoa ibaki usoni hata mteja akikuambia anakosa hewa. Mpe dakika tano atembee nje, arudi.

Msusi wa Hamburg

Dada, kwa wale wanaotaka rasta ndogondogo, waambie wasuke kwa siku mbili, nusu leo, nusu kesho, kofia juu. Mimi ninao watatu wanaofanya hivyo na wamezoea.

Msusi wa Changanyikeni

Hilo sikuwa nimeliwaza kabisa! Kuna bibi harusi wa Agosti nilikuwa nimemkatalia. Nampigia sasa hivi.